Anza na Moto: Mwongozo Kamili wa Kusoma, Kutambua na Kutunza Chapa za Kijapani za Uvuvi wa Mnandi

Picha za zamani za Kijapani zinazoonyesha wavuvi wa usiku, mashua nyembamba, kikapu cha moto na mnandi, ndege weusi waliofungwa kamba, zinapatikana kwa wingi mtandaoni, na nyingi zinauzwa kwa maelezo mabovu. Nakala ya kiwandani huitwa chapa halisi, yaani picha iliyochapwa kwa mkono kutoka kwenye mbao zilizochongwa, picha ya wavuvi wa mienge huitwa ya ndege, na karatasi iliyokatwa kingo zote huitwa "hali nzuri sana". Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuzielewa picha hizi kwa macho yake mwenyewe, awe ananunua moja au anaziangalia tu kwenye tovuti za makumbusho.

Nina shauri moja ninalolishikilia kuliko mengine yote: usianze na jina la mchoraji, anza na moto. Namna moto ulivyochapwa itakuambia kama aliyeifanya kazi ile aliujua uvuvi wenyewe, kama mchapaji alikuwa fundi, na mara nyingi kama karatasi uliyoshika ilitoka mapema au mbao zilipokuwa zimeshachoka.

Hatua ya kwanza: ujue uvuvi wenyewe

Wajapani huuita ukai. Ndege anayetumika ni mnandi wa baharini wa Kijapani, mweusi, mkubwa, mwenye mdomo uliopinda nchani. Msomaji wa Kisumu, Mwanza au Naivasha anawajua jamaa zake, wale wanaokaa juu ya miamba na magogo wakitandaza mabawa yakauke. Wa Japani hukamatwa porini kwenye majabali ya pwani ya Ibaraki, eneo la Jūō katika mji wa Hitachi, kisha hufugwa nyumbani kwa mvuvi na kufundishwa kazi.

Samaki anayetafutwa ni ayu, samaki mwembamba wa mtoni anayependwa sana mezani. Kila ndege hufungwa kamba shingoni kwa kiasi maalumu: samaki mdogo hupita akamezwa, mkubwa hukwama kooni. Ndege akishajaa huvutwa hadi mashuani, hutemeshwa samaki, na kurudishwa majini.

Mahali mashuhuri kuliko pote ni mto Nagara huko Gifu, jimbo la zamani la Mino, ambako uvuvi huu una historia ya zaidi ya miaka 1300. Msimu huanza tarehe 11 Mei na kwisha tarehe 15 Oktoba. Bingwa wa kazi huitwa ushō, na kazi hurithiwa ndani ya ukoo. Tangu 1890 mabingwa wa Nagara wamekuwa chini ya idara ya kasri ya Kaizari. Leo ni sita mjini Gifu na watatu wa Oze katika mji wa Seki. Mwaka 2015 serikali ya Japani iliitambua kazi yao kuwa urithi muhimu wa kitaifa wa utamaduni wa watu.

Mashua ina urefu wa mita 13 hivi. Ushō husimama omo, msaidizi hukaa katikati, na mwendeshaji yuko tezi. Kwenye omo hutokeza nguzo yenye kikapu cha chuma ambamo kuni za msonobari huwaka muda wote wa uvuvi. Msomaji wa kwetu atafikiri moto ule unawavuta samaki, kama taa za karabai zinavyowavuta dagaa kwenye Ziwa Viktoria au Tanganyika. Ayu hufanya kinyume. Mwanga humshtua, anakurupuka kutoka kwenye mawe, magamba yanamulika, na mnandi anamwona. Bila moto hakuna kazi.

Ndiyo maana mbalamwezi ni adui wa wavuvi hawa: giza likipungua, moto hupoteza nguvu. Hata leo Gifu hawavui usiku wa mwezi mpevu wa vuli. Ukikuta chapa yenye mwezi mkubwa wa duara ukiwa juu ya mashua za ukai, jua kwamba mchoraji ametanguliza mandhari kuliko mto. Inaweza kuwa picha nzuri bado, lakini usiitumie kama ushahidi wa jinsi kazi ilivyofanyika.

Hatua ya pili: tazama moto kabla ya kitu kingine chochote

Ili ujue unachotafuta, lazima uelewe jinsi chapa inavyotengenezwa. Kazi hii iligawanywa kwa watu wanne: mchoraji, mchongaji, mchapaji, na mchapishaji aliyetoa fedha na kuuza. Mchoraji aliandaa mistari kwenye karatasi nyembamba. Mchongaji aliigandisha kifudifudi juu ya ubao wa mti wa cheri, akachonga na kuondoa kila kisicho mstari. Zilipigwa nakala za mistari hiyo, zikatumika kuonyesha kila rangi ikae wapi, na kila rangi ikachongewa ubao wake. Mchapaji alipaka rangi ya maji ubaoni kwa brashi pamoja na uji wa mchele kidogo, akalaza juu yake karatasi yenye unyevunyevu, akaisugua mgongoni kwa kisahani bapa kiitwacho baren, kilichofunikwa kwa ganda la mwanzi. Alama mbili zilizochongwa pembeni mwa kila ubao zilihakikisha karatasi inakaa mahali palepale kila mara. Chapa za rangi nyingi kamili zilianza mwaka 1765, wakati wa Suzuki Harunobu.

Mchoraji wa rangi za mafuta akitaka mwanga usiku, hupaka rangi angavu juu ya nyeusi. Mchapaji wa Kijapani hakuwa na njia hiyo kwa kawaida. Rangi zake zilikuwa za maji na zilizama ndani ya karatasi. Nyeusi ikishaingia haitoki. Kwa hiyo mwanga wake ulikuwa karatasi yenyewe, mahali ambapo ubao wa usiku ulikatwa ili wino usifike kamwe. Moto wote wa ukai uliamuliwa na kisu cha mchongaji kabla tone moja la rangi halijapakwa.

Sasa chukua picha, au ikuze kwenye skrini, na uukague moto kwa utaratibu huu.

Tazama kiini cha ndimi za moto. Pale penye mwanga mkali zaidi pawe karatasi tupu, au karatasi yenye njano hafifu. Ukiona rangi nyeupe nzito imekaa juu ya nyeusi, simama hapo kwanza: huenda mtu ameirekebisha baadaye kwa mkono, au si chapa ya mbao kabisa.

Kisha ondoka kwenye moto polepole kuelekea gizani. Fundi alikuwa na ustadi uitwao bokashi: alilowanisha sehemu ya ubao, akaweka rangi upande mmoja wa brashi, na kuifuta ili ififie taratibu. Hakuna mchongo unaoonyesha mfifio huo. Ulifanywa upya kwa mkono kwa kila karatasi, na ndiyo sababu karatasi mbili za picha moja hazifanani kabisa. Katika karatasi nzuri, usiku mweusi wa juu hushuka ukawa bluu au kijivu, kisha ukalegea karibu na moto bila mpaka wa ghafla. Katika zilizochapwa kwa haraka baadaye, mfifio hupunguzwa au kuachwa, na anga hubaki bamba moja la rangi. Mimi hutoa uamuzi wangu wa kwanza hapa, na mara chache huwa na sababu ya kuubadilisha.

Halafu shuka majini. Mwako wa moto unatakiwa kujirudia kwenye maji chini ya kikapu, umevunjikavunjika na mawimbi. Mchoraji aliyeuona mto hukumbuka kwamba ndege walio ndani ya duara la mwanga huonekana kingo zao, na walio nje huwa vivuli tu. Angalia pia cheche. Ni vitobo vidogo mno vilivyoachwa ndani ya weusi au vidoa vya rangi nyekundu. Mbao zikichoka, cheche huziba kwa wino uliogandia.

Jambo moja kuhusu bluu. Bluu ya Prussia, iliyoingizwa kutoka Ulaya, ilianza kutumika sana katika chapa karibu na 1830. Kabla ya hapo mafundi walitegemea bluu za mimea, ambazo ni dhaifu, na baadhi hufifia kwa jua au maji. Usiku mzito wa bluu unaozama hadi nyeusi ulikuwa rahisi zaidi baada ya mwaka huo. Kwa hiyo mtu akikuonyesha usiku wa bluu kali na kudai ni wa miaka ya 1780, una haki ya kumuuliza maswali mengi.

Hatua ya tatu: fuata kamba

Kutoka kwenye moto, peleka macho kwenye mkono wa ushō. Anaongoza ndege 10 hadi 12 kwa wakati mmoja, kila mmoja na kamba yake. Hushika kamba zote kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia huchomoa ile inayotaka kujisokota, kuivuta au kuilegeza. Kazi hii ni ngumu kuliko inavyoonekana, maana ndege huzamia, hupishana na kuzunguka, na kamba zikifungana usiku huo umeharibika.

Wachoraji wengi walipunguza idadi ya ndege ili picha isisongamane, na hilo si kosa. Cha kutazama ni kama kila kamba inatoka mkononi na kufika kwa ndege. Kamba ni mistari myembamba kama unywele iliyoachwa ikiwa imesimama peke yake juu ya ubao, na baada ya karatasi nyingi kuchapwa hiyo ndiyo huvunjika kwanza. Kamba zilizokatika katikati ya maji, huku mistari mingine ikiwa imara, ni dalili ya ubao uliochoka. Tumia lenzi ya kukuzia; jicho tupu halitoshi.

Mavazi nayo yana maana yake. Ushō huvaa nguo ya rangi ya giza, kitambaa kilichofungwa kichwani kuzuia cheche zisiunguze nywele, kisketi cha nyasi za mpunga kinachomwaga maji, na ndara fupi za nyasi zinazoishia katikati ya wayo. Kisketi hicho ndicho alama ya haraka zaidi ya kumtambua bingwa kati ya watu walio mashuani.

Hatua ya nne: itenge na picha zinazofanana nayo

Makosa mengi ya wauzaji yako hapa.

Picha inayochanganywa zaidi ni ya Katsushika Hokusai, inayoonyesha uvuvi wa mienge katika jimbo la zamani la Kai. Ni mojawapo ya chapa 10 za mfululizo wake uitwao Chie no umi, wa karibu 1833. Wanaume wamesimama mtoni usiku na mienge mikononi, maji yanawapita kwa kasi. Ni kazi ya kupendeza sana, lakini haina mnandi hata mmoja. Moto na mto havitoshi. Tafuta ndege na kamba.

Ya pili ni picha za uvuvi wa Kichina. China nayo ina uvuvi wa mnandi, lakini mara nyingi ndege hufanya kazi bila kamba ndefu, mvuvi yuko juu ya chelezo cha mianzi na upondo, na huwa mchana. Ukiona chelezo badala ya mashua na hakuna kikapu cha moto, huko si Nagara.

Ipo pia ukai ya kutembea, ambapo mvuvi huingia mtoni kwa miguu na ndege mmoja au wawili. Isawa, katika jimbo hilohilo la Kai, inajulikana kwa aina hii. Usiikatae picha kwa sababu haina mashua.

Na ziko picha ambazo uvuvi ni mlango tu wa kuingilia hadithi ya dini. Kai ina kisa cha mvuvi aliyevua kwa mnandi katika maji yaliyokatazwa, akauawa kwa kuzamishwa, na roho yake ikabaki inahangaika mtoni Isawa hadi ilipoombewa na mtawa Nichiren. Kisa hicho kina mchezo wake wa Noh, tamthilia ya kale ya Kijapani, uitwao Ukai. Tsukioka Yoshitoshi alikichora mwaka 1885 katika chapa ya karatasi tatu zilizounganishwa: Nichiren yuko katika maombi, mzimu wa mvuvi uko mbele yake. Kwangu mimi hii ni miongoni mwa picha zenye uzito mkubwa zaidi katika mada nzima, kwa sababu inasema waziwazi kile ambacho picha za mandhari hukinyamazia. Kazi hii ni ya kuua, na katika nchi yenye mafundisho ya Buddha wavuvi waliibeba hofu hiyo. Mshairi Matsuo Bashō, aliyetazama mashua za Nagara mwaka 1688, aliandika hivyo hivyo kwa maneno machache: furaha kwanza, kisha huzuni.

Ukikuta mtu mmoja tu mwenye mwenge, amevaa mavazi ya jukwaani, nyuma yake hakuna mto wala mashua, huyo ni mwigizaji wa Noh. Tsukioka Kōgyo (1869–1927) ndiye jina la kulifikiria kwanza, maana alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuchora michezo hiyo.

Hatua ya tano: soma maandishi na mihuri

Huhitaji kujua Kijapani. Unahitaji kutambua maumbo machache. Yaandike kwenye kijidaftari na uyalinganishe: 鵜飼 ni ukai, 鵜舟 ni mashua ya mnandi, 長良川 ni mto Nagara, 画 baada ya jina huonyesha aliyechora.

Chapa ya kujifunzia iliyo bora kuliko zote ni ya Keisai Eisen, inayoonyesha mashua za ukai kwenye mto Nagara karibu na kituo cha Gōdo. Ni sehemu ya mfululizo mkubwa wa vituo 69 vya barabara ya Kisokaidō, iliyounganisha Edo (jina la zamani la Tokyo) na Kyoto kupitia milimani. Eisen aliuanza katikati ya miaka ya 1830 kwa mchapishaji Takenouchi Magohachi, akachora picha 24, kisha kazi ikaendelezwa na Utagawa Hiroshige, na mchapishaji Iseya Rihei akaingia. Kwa sababu mfululizo ulichapwa tena na tena, una matoleo mengi yaliyotofautiana kwa rangi, kwa mihuri ya wachapishaji, na hata kwa saini: katika matoleo ya baadaye saini ya Eisen iliondolewa kwenye baadhi ya picha zake. Karatasi isiyo na saini si lazima iwe bandia. Inaweza kuwa toleo la baadaye, na bei yake iendane na hilo.

Mihuri ya wakaguzi wa serikali ndiyo kalenda yako. Muhuri mdogo wa duara wenye herufi 極 ulitumika kuanzia 1791 hadi 1842. Baada ya hapo, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1850, utaona mihuri ya majina ya wakaguzi, mmoja kisha wawili wawili. Kuanzia 1853 hutokea 改, pamoja na mihuri ya mwaka na mwezi kwa alama za wanyama. Mfumo huo ulikoma miaka ya 1870, na badala yake tarehe, jina na anwani ya mchapishaji vikawekwa kwenye ukingo wa karatasi. Hapo ndipo ukingo uliokatwa unapouma: tarehe imekwenda na mkasi.

Wekundu pia husema umri. Kuanzia miaka ya 1860 rangi za kiwandani ziliingia, na nyekundu yake ni kali na baridi kuliko ile ya maua ya zamani. Moto wa ukai wenye wekundu wa kupiga macho, na karatasi yake inadaiwa kuwa ya miaka ya 1830, ni jambo la kuchunguza.

Karne ya 20 ilileta njia mbili mpya. Ya kwanza ni shin-hanga, ambapo wachapishaji kama Watanabe Shōzaburō waliurudisha ule ushirikiano wa mafundi kuanzia 1915 na kutengeneza mandhari za usiku zenye mififio ya ajabu. Tetemeko la ardhi la Tokyo la Septemba 1923 liliteketeza mbao nyingi, kwa hiyo za kabla yake hutafutwa sana. Ya pili ni sōsaku-hanga, ambapo msanii mmoja alichora, akachonga na kuchapa mwenyewe. Mwanzo wake huhesabiwa kwa chapa ndogo ya Yamamoto Kanae ya 1904, inayoonyesha mvuvi.

Hatua ya sita: igeuze karatasi

Upande wa nyuma unasema zaidi kuliko mbele. Karatasi ya asili ilitengenezwa kwa nyuzi za gome la kōzo, mti wa jamii ya mforosadi; ni laini, ina nguvu, na ukiielekeza kwenye mwanga utaziona nyuzi ndefu. Rangi huzama ndani, kwa hiyo nyuma utauona usiku ukijitokeza kwa ukungu, pamoja na michirizo ya duara iliyoachwa na baren. Karatasi nyeupe pe upande wa nyuma, ilhali mbele kuna usiku mzito, inatia shaka.

Mbele, weka lenzi juu ya weusi. Ukiona nukta ndogo zilizopangwa kwa utaratibu, hiyo ni nakala ya mashine. Chapa ya mbao haina nukta. Ina rangi iliyotulia ndani ya nyuzi, na pengine chembechembe za mti wa ubao.

Kuna kundi gumu zaidi: nakala zilizochongwa upya kwa mkono, kwa mbao na karatasi ya Kijapani. Si udanganyifu zikiuzwa kwa jina lake. Taasisi ya Adachi ya Tokyo, iliyoanzishwa 1928, inatengeneza za ubora wa juu. Nukta hazitakusaidia hapa wala nyuma ya karatasi. Njia pekee ya uhakika ni kulinganisha mistari, na hilo ndilo linalofuata.

Hatua ya saba: linganisha na za makumbusho

Tovuti za Metropolitan Museum of Art ya New York, Art Institute of Chicago na Rijksmuseum ya Amsterdam zina chapa za Kijapani kwa maelfu, kwa ukubwa unaoruhusu kuhesabu kamba. Nyingi ni huru kupakuliwa na kutumiwa. Fungua picha mbili za chapa moja sambamba. Chagua sehemu tano ngumu: mkono wa ushō, mdomo wa ndege mmoja, ukingo wa kikapu, mkunjo wa kisketi, herufi moja ya kichwa cha picha. Mistari iliyotoka kwenye ubao mmoja inalingana hata katika mipasuko midogo. Ikiwa mkunjo una mstari mmoja zaidi, au ndege ana jicho la umbo jingine, ubao ni mwingine.

Aliyebahatika kufika Gifu ana Jumba la Makumbusho la Ukai la Nagaragawa, lililofunguliwa 2012 kando ya mto, na mjini Ena, mkoa huohuo, kuna jumba la makumbusho lililotengwa kwa Hiroshige lenye chapa za Kisokaidō.

Anayetaka picha ya ukutani tu, na si kitu cha kale, aishie hapa. Pakua faili kubwa la makumbusho, lichapishwe kwenye karatasi isiyong'aa, na utakuwa umepata picha nzuri kwa gharama ndogo bila kudanganywa na mtu.

Hatua ya nane: unaponunua

Omba picha za karatasi nzima ikiwa nje ya fremu, mbele na nyuma, rula ikiwa kando. Ukubwa wa kawaida uitwao ōban ni karibu sentimita 39 kwa 26; ikipungua sana, imekatwa. Omba picha moja iliyopigwa taa ikiwa upande, ili makunyanzi na matundu ya wadudu yaonekane. Chapa za Kisokaidō nyingi zilifungwa kwenye vitabu, kwa hiyo mkunjo wa katikati na vitobo vya uzi ni vya kawaida; vipunguze bei, visikufukuze. Kinachonifukuza mimi ni kitu kimoja, karatasi iliyogandishwa yote juu ya kadibodi, kwa sababu kuibandua ni kazi ya mtaalamu na mara nyingi nyuma yake haitasomeka tena.

Uliza pia ushuru wa forodha kabla ya kulipa, na taka risiti inayotaja mchoraji, mchapishaji, kipindi, na kama ni toleo la awali au la baadaye. Muuzaji anayekataa kuandika anachokisema kwa mdomo aachwe.

Hatua ya tisa: kuitunza katika hewa yetu

Aishiye Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Unguja ana kazi ya ziada. Joto na unyevu wa pwani huzaa kuvu, na madoa ya kahawia yakishaingia kwenye karatasi hayatoki kwa kufuta. Jambo la kwanza ni kutokuipeleka kuwekewa plastiki ya moto kama cheti cha shule. Joto la mashine na gundi huiua chapa siku hiyohiyo, na hakuna fundi wa kuirudisha.

Usitumie selotepu. Ishikize kwa vijikanda vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, ukingo wa juu pekee, kwenye kadibodi isiyo na asidi. Katika fremu, kioo kisiguse karatasi. Weka kadibodi yenye dirisha katikati ili hewa ipite. Usiitundike kwenye ukuta wa nje unaopigwa na mvua, wala jikoni, wala mkabala na dirisha. Makumbusho huweka mwanga wa lux 50 tu kwa chapa hizi, na kuzipumzisha gizani kwa muda mrefu kati ya maonyesho. Nyumbani fanya vivyo hivyo: itundike miezi michache, kisha ilaze bapa ndani ya bahasha isiyo na asidi, kwenye kabati la ghorofa ya juu, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu unavyovibadilisha msimu wa masika unapoingia. Fungua kabati kila baada ya wiki chache ukakague mende na wadudu wanaokula karatasi.

Usiioshe kwa maji hata ikiwa chafu. Baadhi ya bluu na nyekundu za zamani huyeyuka, na usiku wote unaweza kuhamia kwenye moto.

Kwa penseli laini, kamwe si kwa kalamu ya wino, andika kwenye bahasha na si kwenye karatasi yenyewe: mchoraji, kichwa cha picha, mihuri uliyoitambua, vipimo, ulikoinunua, na tofauti ulizoziona ulipoilinganisha na ya makumbusho.